Je, Maumivu Husema Uongo?

Ikiwa maumivu ni ishara aliyopewa binadamu ili ajilinde, inakuwaje ishara hiyo imwelekeze mahali pasipo na ubaya wowote? Swali hili la kale limefufuliwa na meza ya ofisini. Mtu anayeshinda mbele ya kompyuta, meza ikiwa imeinuka kuliko inavyostahili kimo chake, huegemeza kisugudi, yaani pale mkono unapokunjika katikati, kwenye ukingo wa meza kwa saa nyingi. Neva ya ulna, ambayo ni mshipa wa fahamu upitao nyuma ya kisugudi karibu na ngozi, hubanwa, na ganzi huingia katika kidole cha mwisho na upande mmoja wa kidole cha pete. Mkono huo ukiwa wa kushoto, na misuli ya kifua nayo ikiwa imekaza kwa kuinama, hofu ya moyo haikawii. Wala hofu hiyo si ya kipuuzi, kwa kuwa neva za moyo na zile za upande wa ndani wa mkono huingia katika uti wa mgongo kwenye sehemu zinazokaribiana, hata moyo unaougua kweli huweza kusikika mkononi. Ndiyo maana maumivu ya kifua hupimwa na daktari kwanza, kiti kikalaumiwa baadaye.

René Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa, alilikabili swali hili katika tafakuri ya sita ya kitabu chake cha 1641. Aliufananisha mshipa wa fahamu utokao mguuni hadi ubongoni na kamba, ambayo ikivutwa katikati, ncha yake ya juu hutikisika kama ambavyo ingetikisika lau ingevutwa chini, na nafsi ikasikia maumivu mguuni ingawa mguu ni mzima. Kwa kuwa mara nyingi mvuto huo husababishwa na madhara ya mguuni penyewe, Muumba, kwa hoja yake, aliipa nafsi tafsiri iliyo bora kwa jumla. Hoja hiyo inamwondolea Mungu tuhuma ya udanganyifu, lakini haimgusi aliyeivuta kamba. Kidole kilichokufa ganzi kimekosea mahali tu, hakikukosea jambo: kipo kitu kinachobanwa, na kimebanwa kwa muda mrefu.

Mgonjwa akishaambiwa kwamba moyo ni mzima, hupumua na kusema kuwa kumbe ni kiti tu, na katika neno hilo dogo, "tu", mna falsafa nzima, kana kwamba moyo ndio mtu mwenyewe na mkono ni jembe lake. Kiswahili chenyewe kinasita hapa: katika "mkono unaniuma" mkono ni mtendaji na mwenye mkono ni mtendwa, mfano wa mbwa na aliyeng'atwa, ilhali kitenzi hicho hicho kikisemwa bila mtendaji, "anaumwa", maana yake ni kwamba mtu mzima ni mgonjwa.

Mafundisho ya Kiislamu yanalitazama jambo hili kwa upande mwingine. Katika hadithi mashuhuri, Mtume alimkumbusha Abdullah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha, kwamba mwili wake una haki juu yake. Uzito wa hadithi hiyo upo katika ukweli kwamba kilichozidi mipaka kilikuwa ibada, na ikiwa ibada haikuweza kuifuta haki ya mwili, ni vigumu kuona jinsi ripoti ya mwisho wa mwezi itakavyoweza. Haki, kwa maana ya deni lililo shingoni mwa mtu, huwapo hata kabla mdai hajapaza sauti. Kwa hiyo maumivu hayana budi kuhesabiwa kuwa madai yaliyochelewa, na kosa la anwani halifuti deni.

Bernardino Ramazzini, tabibu wa Italia, katika toleo la 1713 la kitabu chake cha maradhi ya wafanyakazi, aliwaongeza makarani, akataja sababu tatu za mateso yao: kuketi mfululizo, mkono kwenda mwendo ule ule, na akili kukazwa kwa kuogopa makosa. Alimtaja mwandishi wa hati ambaye mkono wake wa kulia ulichoka hadi ukapooza, naye akajifunza kuandika kwa wa kushoto ili kazi isisimame. Haukupita muda mrefu, na huo nao ukapatwa na maradhi yale yale.