Je, Kumeza Dawa ni Kukosa Imani?

Andiko la wiki: 2 Wafalme 20:1-7

Wiki hii nataka tuongee juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo: chunusi. Sisemi kile kipele kimoja kinachotokea leo na kesho kimeisha. Nasema zile kubwa zenye usaha, zinazouma ukilaza shavu kwenye mto, na zikipona zinaacha mashimo.

Miaka kadhaa iliyopita, dada mmoja wa ushirika wetu alinijia baada ya ibada. (Amenipa ruhusa niandike haya.) Daktari wa ngozi alikuwa amemwandikia dawa kali inayoitwa isotretinoini. Akaniuliza, "Pasta, nikimeza hii, si nitakuwa nimesema Mungu ameshindwa?" Nilikuwa mchanga katika huduma na nilitaka kuonekana mtu wa imani. Nikamwambia aiweke kando, tuombe. Tukaomba karibu mwaka mzima. Uso ukazidi. Mwishowe akarudi kwa daktari, akatibiwa, chunusi zikakauka. Makovu yalibaki. Hajawahi kunilaumu, lakini kila Jumapili nikimwona najua baadhi ya yale makovu yametokana na ushauri wangu.

Mimi nilisomea biashara. Tulifundishwa kwamba gharama ya uamuzi si pesa unayotoa tu, ni pia kile unachopoteza ukingoja. Nilitoa ushauri wa bure, gharama akalipa yeye. Hiyo ni hesabu ambayo sisi wahubiri hatupendi kupiga.

Sasa hebu mtazame Hezekia. Alikuwa na jipu, yuko karibu kufa. Akaomba, akalia, na Mungu akamjibu wazi kwamba atamponya. Kama kuna mtu ambaye hakuhitaji dawa, ni huyo. Ahadi alikuwa nayo tayari! Lakini nabii Isaya mwenyewe akaagiza mkate wa tini, ukawekwa juu ya jipu. Hezekia hakukataa eti anangoja muujiza. Zile tini hazikushindana na ahadi. Mungu alipitia hapo hapo.

Mtu ataniuliza, "Na hiyo dawa si ina madhara?" Ndiyo, na tusifiche. Hukausha midomo na ngozi. Daktari hupima damu ili aangalie ini na mafuta mwilini. Ukianza kuona huzuni nzito, mwambie daktari mara moja. Kubwa zaidi, inaweza kumdhuru vibaya sana mtoto aliye tumboni, kwa hivyo mwanamke hapaswi kabisa kushika mimba akiitumia. Si dawa ya kuazimana wala ya kununua kiholela. Tena huchukua miezi, na mwanzoni uso unaweza hata kuzidi kabla haujatulia. Hapo ndipo imani inahitajika: kumeza kidonge leo, na kesho, na kioo bado kinakukatisha tamaa.

Wengine husema, "Mungu haangalii sura, kwa nini ujisumbue?" Soma tena 1 Samweli 16. Neno lile aliambiwa Samweli, yule aliyekuwa anatazama. Anayetazamwa hakuambiwa asiumie. Kwa hivyo tunaokemewa ni sisi, tunaomwuliza msichana mlangoni mwa kanisa, "Kwani siku hizi huoshi uso?" Chunusi hazitokani na uchafu wala dhambi ya siri. Ni mafuta ya ngozi, vitundu vilivyoziba, bakteria, homoni, na mara nyingi ni mambo ya kurithi.

Basi jibu langu leo ni hili. Anayemeza dawa huku akiomba hajapunguza imani hata kidogo. Na anayemwambia mwenzake aitupe, huku yeye mwenyewe hana cha kupoteza, hiyo si imani. Ni ujasiri wa kutumia ngozi ya mtu mwingine.

Tena tusiishie kusema "nenda hospitali." Daktari wa ngozi na vipimo ni pesa. Kama tunachanga kwa ajili ya harusi, tunaweza kumchangia kijana huyu pia.

Tuombe: Bwana, utusamehe maneno tuliyosema bila kujua uzito wake. Uwaponye watoto wako kwa njia uliyochagua wewe, na utufundishe kutazama vizuri. Amina.