BABA NA MWANA NJIANI: NANI AANZE KUSEMA?



Ndugu Muislamu, tuangalie leo swali linalosumbua nyumba nyingi za kwetu Maniema. Baba na kijana wake wamenuniana miaka. Nani kati yao aanze kusema?

Sababu tunazijua. Kijana ameuza parsele ya familia, au ameoa bila shauri, au ameingia machimboni hakurudi hata kwa matanga ya bibi yake. Au ni baba: alioa mke mwingine, akasahau watoto wa kwanza. Wengine walitenganishwa na vita vya 1996 na 1998, wakaja kukutana kama wageni. Baba anasema: «Mimi ni mzazi, aje yeye.» Kijana anasema: «Yeye ndiye alinitupa, aniite yeye.» Kila mmoja ana hoja, na nyumba imekufa.

Kisha inafika siku ya arusi au ya msiba kule Kasongo, na wote wawili ni lazima waende. Wanavuka Lualaba toka Kindu mpaka Alunguli, halafu mbele yao kuna zaidi ya kilomita 200 za njia. Mara nyingi wazee wa familia huwapanga pamoja kwa makusudi, nao wanajua wanalofanya.

Kwanza, safari inafunua. Neno lenyewe tumelipata katika Kiarabu, na asili yake iko karibu na maana ya kufunua kitu kilichofunikwa. Inasimuliwa kwamba mtu alimsifia mwenzake mbele ya Sayyidna Umar (r.a.), naye akamuuliza kama amewahi kusafiri naye.

Pili, safari inashusha kiti. Nyumbani baba ana kiti chake, kijana ana mlango wake wa kutokea. Juu ya pikipiki moja hakuna kiti wala mlango. Kijana anaendesha, baba amemshika kiunoni. Aliyembeba mwenzake mgongoni zamani, leo anabebwa. Wakikwama matopeni wanasukuma wote. Wanakula kwanga moja, na rakaa nne zinakuwa mbili kwa wote, baba na mwana. Hapo kijana anaona magoti ya mzee yanatetemeka, na mzee anaona kwamba mtoto amekuwa mtu mzima.

Tatu, Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba katika dua zisizorudishwa kuna ya msafiri na ya mzazi kwa mtoto wake. Basi baba aliye njiani ana milango miwili wazi. Achunge ulimi wake asimlaani mwanawe saa hiyo.

Lakini usidanganyike, ndugu yangu. Njia peke yake haipatanishi mtu. Tazama watoto wa Nabii Yaakub (a.s.) katika Sura Yusuf. Walikaa na baba yao miaka, na uongo ukakaa katikati yao. Mzee akalia mpaka macho yakapofuka. Walikwenda Misri kutafuta chakula, wakarudi, wakaenda tena, na jambo likabaki vilevile. Lilifunguka siku waliposema wazi kwamba wamekosa. Yusuf (a.s.) akawaambia hawana lawama siku hiyo, na baba akaahidi kuwaombea msamaha kwa Mola.

Kisha angalia nani alisafiri mwisho. Ni mzee Yaakub mwenyewe, nabii na baba, alitoka kwake akamfuata mwanawe Misri. Je, heshima yake ilipungua? Yusuf aliwapokea wazazi wake, akawapandisha juu ya kiti chake cha enzi. Na alipotaja neema za Mungu alitaja kutoka gerezani. Kisima hakukitaja, ndugu zake wasione haya.

Jibu basi ni hili: haki ya baba ni kubwa zaidi, lakini haki si sababu ya kungojea. Mtume (s.a.w.) amekataza Muislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu, akasema mbora wao ni yule anayeanza kwa salamu. Ikiwa ni hivyo kwa ndugu, itakuwaje kwa baba na mwana?

Kijana atasema: «Baba yangu alinitupa kweli, si maneno.» Tunakusikia. Dhuluma haigeuki kuwa haki kwa sababu aliyeitenda ni mzazi, na yeye ataulizwa. Lakini soma Sura Luqman. Hata wazazi wanaomvuta mtoto kwenye shirki, hatawatii katika hilo, ila ameamrishwa akae nao kwa wema duniani. Na neno lililotumika pale ni la asili moja na neno letu swahiba. Hukuambiwa useme kwamba hakukukosea. Umeambiwa uwe swahiba wake njiani, na njia ya dunia ni fupi.

Kwa hiyo, mzee, matanga yakija, mwite kijana mwende pamoja. Kijana, beba mzigo wa baba yako bila kungoja kuambiwa. Mkipumzika chini ya mti, aliyekosa aseme neno moja la kweli, na mwenzake asirudi kuchimba kisima. Msingoje safari ile ambayo mmoja wenu atakuwa amebebwa katika jeneza.

Ewe Mola, patanisha baina ya baba zetu na watoto wetu, na utufikishe salama. Amin.