Jiwe Nyuma ya Tairi

Mjomba wangu ana pikapu kuukuu ambayo handbreki yake ilikufa kabla mimi sijamaliza kidato cha nne. Ukiivuta inakuja yote mpaka juu, nyepesi, na gari halina habari. Kwenye tambarare haina shida. Lakini ukishaiacha Lusahunga, ukapita Nyakahura na kuanza kuitoka Biharamulo kuingia Ngara, tambarare zinakuwa chache. Barabara inapanda, inazunguka ubavu wa mlima, inashuka bondeni, inapanda tena, hivyo hivyo mpaka Rusumo. Ndiyo barabara ya malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali na Bujumbura, na mengi yanafika huku yakiwa yamekwisha kutembea zaidi ya kilomita elfu moja, yamechoka, na dereva amechoka. Milima inayakuta katika hali hiyo.

Anayeendesha gari la manyuali anisamehe kwa kumweleza jambo ambalo miguu yake inalijua. Gari la namna hiyo lina pedali tatu, na binadamu ana miguu miwili. Ukisimama mlimani, mguu wa kushoto uko kwenye klachi, wa kulia uko kwenye breki, na ili uondoke lazima huo wa kulia uiache breki uende kwenye mafuta. Hapo katikati kuna kipande cha muda, pengine sekunde moja, ambacho hakuna mguu unaolizuia gari. Handbreki iliwekwa kwa ajili ya sekunde hiyo. Unaivuta, unatia gia namba moja, unaongeza mafuta kidogo, unaiachia klachi taratibu mpaka inaposhika. Mlio wa injini unazama, pua ya gari inajiinua, nawe unaishusha handbreki. Wazoefu wanaweza kuiruka hatua hiyo: wanashika nusu klachi mguu ukiwa bado kwenye breki, halafu wanaurusha kwenye mafuta upesi. Mjomba ni mmoja wao. Lakini pikapu ikiwa na magunia kumi na mawili ya mahindi, hata uzoefu wa mjomba unahitaji jiwe.

Jiwe linahitaji mtu wa kuliweka. Anashuka, anatafuta kubwa la kutosha kwenye mtaro, analisukuma nyuma ya tairi, kisha anasimama pembeni na kupiga kelele, “Tayari!” Dereva anatazama mbele. Yeye wa jiwe anatazama tairi. Ile sekunde isiyo na mguu inakuwa mikononi mwa mtu ambaye dereva hamwoni.

Mwaka juzi, mwezi wa sita, mtu huyo nilikuwa mimi. Mlima wenyewe sitautaja, maana watu wa pale wanafahamiana. Tulikuwa tunatoka Nyakahura na mzigo, jua limeanza kulala. Katikati ya mpando tukakuta lori la semitrela limekwama, utingo wake ameshatandaza matawi ya miti barabarani kuonya wanaokuja nyuma. Tukasimama kusubiri magari ya juu yashuke ndipo tulipite. Nikaruka chini, nikalipata jiwe, nikaliweka nyuma ya tairi la kushoto. Njia ilipokuwa wazi, mjomba akajaribu mara ya kwanza, injini ikazimika. Mara ya pili pikapu ikarudi nyuma na kuliegemea jiwe, nikalisikia likisaga lami. Mara ya tatu ikashika. Harufu ya klachi iliyoungua ikajaa hewani, na mjomba akaanza kupiga kelele, “Panda! Panda!”

Nilikimbia. Nikashika bodi la nyuma, nikajivuta juu ya magunia. Nilipogeuka nililiona jiwe limekaa peke yake juu ya lami, linazidi kuwa dogo. Kila aliyewahi kupanda nyuma ya pikapu anajua kwamba ukitaka dereva asimame unagonga paa la kibini. Mkono niliuinua. Nikafikiria klachi, nikafikiria jaribio la nne, nikafikiria giza. Nikaushusha.

Siku tatu baadaye tukasikia kwamba bodaboda alianguka kwenye mlima ule jioni ile, akiwa amembeba mama mmoja. Kijana alivunjika mguu, mama akateguka bega. Wote wawili walipelekwa Murgwanza. Aliyeileta habari alisema neno moja la ziada, kwamba walipanda jiwe.

Mjomba alikuwa anakunywa chai. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema, “Mjomba, mawe ya barabara ile huwezi kuyahesabu.”

Hilo ni kweli. Malori yanakwama pale kila wiki, na kila lililokwama linaacha mawe. Ukipita asubuhi unayakuta, mawili mawili, yamepangwa kwa nafasi ya upana wa lori, kama nyayo za mnyama aliyepita usiku. Jiwe la pikapu yetu lilikuwa moja kati ya mengi. Nilipomwambia kwamba angeweza kusimama kule juu mlima ulipolegea, nikarudi kwa miguu kuliondoa, alinijibu bila hasira, “Aliyekuwa na jiwe ni wewe. Mimi nilikuwa na gari.” Nami nilijiambia kwamba aliyekuwa na handbreki mbovu ni yeye. Hivyo ndivyo tulivyogawana usiku ule, kila mmoja akampa mwenzake kipande kikubwa.

Niliporudi chuoni niliwakuta watu wawili waliokwisha kukaa kwenye barabara ile kabla yangu, ingawa hawakuwahi kufika Ngara. Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel walitoa makala mbili zenye jina moja, kuhusu kile tunachoweza kukiita bahati ya kimaadili. Dereva wa Williams ni dereva wa lori. Anamgonga mtoto bila kosa lolote, na Williams anasema majuto yake si sawa na huzuni ya mtu aliyesimama pembeni akaona. Tutamfariji, tutamwambia si kosa lako, na tutakuwa sahihi. Lakini akifarijika upesi mno tutamshangaa. Dereva wa Nagel ana kosa dogo: hakupeleka breki zake kukaguliwa. Mtoto akikatiza barabara na breki zikashindwa, dereva huyo atajiona ameua. Mtoto asipokatiza, uzembe ni ule ule, breki ni zile zile, naye anakwenda nyumbani kula. Nagel anauliza kwa nini tunawahukumu tofauti watu wawili waliofanya jambo moja.

Niliisoma sehemu hiyo ya breki nikaifunga kompyuta. Nilikuwa naiona ile handbreki inayokuja mpaka juu.

Kuna jibu linalovutia, nalo lina asili yake kwa Kant: kwamba thamani ya nia haiongezwi wala haipunguzwi na matokeo, kwa hiyo nihukumiwe kwa kuushusha mkono tu, iwe mtu alianguka au hakuanguka. Nilijaribu kukaa ndani ya jibu hilo na halikunisitiri. Kwanza linamgeuza yule kijana na mguu wake kuwa kitu cha ziada katika hesabu ya nafsi yangu. Pili, linanitoza kidogo mno kwa mawe mengine. Maana ukweli ni kwamba tangu utotoni nimeacha mawe mengi kwenye milima ile, na hakuna hata moja nililolikumbuka mpaka aliposikika mtu ameanguka. Kama nia ndiyo jambo lote, ningepaswa kuwa na usingizi mbaya tangu nikiwa darasa la saba.

Shida yangu nyingine hawa wanafalsafa hawanisaidii sana, kwa sababu madereva wao wanajua waliyemgonga. Mimi sijui. Je, mtu anaweza kujutia jambo ambalo pengine hakulifanya? Kwa muda nilidhani kutojua ni bahati. Baadaye nikaanza kuuona kama mahali pa kujifichia, pazuri kweli, maana hakuna anayeweza kuingia kukutoa.

Tulikwenda kumwona hospitali, mimi na mjomba, tukiwa na sukari na sabuni. Ndugu wa yule mama walikuwa wamekaa karibu. Mguu wake umefungwa vyuma. Alitushukuru kwa kuja. Njiani kurudi nikasema nataka kumwambia, na mjomba akaniuliza swali ambalo sijasoma lenye makali kama hilo popote: “Ukimwambia, anayepona ni nani, yeye au wewe?”

Nilinyamaza mwaka mzima kwa sababu ya swali hilo. Sasa nadhani ni swali zuri lililotumika vibaya. Linaifanya kweli ionekane kama dawa, na dawa hupewa mgonjwa anayeihitaji. Lakini ajali ile ilikuwa yake. Kama kuna kipande chake nilikuwa nacho mimi, basi nilikuwa nimeshika kitu cha mtu, na kitu cha mtu hukirudishi kwa sababu kitamponya.

Niseme na jambo la kigingi, kwa sababu ni hapo nilipoona kwamba tatizo letu halikuwa gumu kama nilivyotaka liwe. Baadhi ya matingo wa malori makubwa hawatumii jiwe la mtaroni. Wana kigingi cha mbao kilichochongwa mfano wa kabari, na kamba ya manila kutoka kwenye kigingi mpaka kwenye chesesi. Lori likipanda polepole, utingo anatembea nalo ubavuni, tayari kukiweka. Likishika, kamba inakivuta kigingi nyuma yake. Hakuna anayelazimika kuchagua kati ya mzigo wake na mtu anayekuja nyuma. Mita mbili za kamba. Mtu aliyeifunga mara ya kwanza huenda hakufikiria maadili hata kidogo, pengine alichoka kuchonga vigingi vipya. Mjomba nilimfungia cha kwake likizo iliyofuata. Anakitumia. Handbreki hajaitengeneza.

Mwezi wa kumi na mbili uliopita nilishuka basi Benaco nikamkuta yule kijana stendi, amerudi kwenye pikipiki, anachechemea kidogo. Alinitambua. “Msomi, twende.” Tulipofika kwenye mlima nilimwomba asimame. Nikamwambia yote: handbreki, jaribio la tatu, mkono nilioushusha. Alinisikiliza huku akizungusha funguo kidoleni.

“Mliliweka upande gani?” akauliza.

“Kushoto. Tulikuwa tunapanda.”

“Mimi nilikuwa nashuka.”

Kwa sekunde moja nilijihisi mwepesi, na ninaona haya kuiandika sentensi hii. Anayeshuka anapita upande mwingine wa barabara. Jiwe letu lisingemgusa. Lakini hakuwa amemaliza. Alitazama kona ya chini yetu, akaniambia alichokuwa hajamwambia mtu. Jioni ile alikuwa anashuka fri, injini ameizima ili kuokoa mafuta, kama wafanyavyo wengi pale. Pikipiki yake ni ya aina ambayo taa kubwa inategemea injini, ikizimwa nayo inazimika. Alishuka gizani bila taa, na pale kwenye kona alikata, akaingia upande wa wanaopanda. Jiwe hakuliona. Alilisikia tu.

“Kwa hiyo linaweza kuwa lenu,” akasema. “Au la lori lile. Mlinzi wake alikuwa bado amelala pale.”

Nilimuuliza kwa nini hakusema kule hospitali. Akacheka kidogo. Ndugu wa mama walikuwa pale, akasema, na mlipokuja ninyi na sukari yenu nikasema hawa nao watanionaje. Watu wote walikuwa wanalilaumu jiwe, naye akaliacha jiwe libebe.

Tulikaa pale mpaka malori mawili yakapita. La pili lilikuwa na utingo anayetembea pembeni na kigingi chenye kamba, akatupungia mkono.

“Na yule mama?” akaniuliza alipokuwa anapanda pikipiki. “Tutamwambia nini?”

Sikuwa na jibu, na yeye hakulingoja. Akawasha injini, akageuza, tukarudi Benaco. Ilikuwa siku ya gulio. Mama alikuwa amekaa nyuma ya mafungu yake ya maharage, bega la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia, na kabla hatujafungua midomo yetu kumwamkia, akatuwahi salamu.