Dhahabu ya Nchi ni Mali ya Yatima



Ukitaja Cibitoke hapa Bujumbura, msikilizaji atakuuliza: Cibitoke ipi? Ipo hii yetu, mtaa wa Ntahangwa, na ipo ile ya kaskazini-magharibi, ukilifuata bonde la Mto Rusizi hadi kwenye mipaka ya Kongo na Rwanda. Huko, katika milima ya Mabayi, kuna dhahabu. Sisi wa mtaani hatuna shimo wala sururu, lakini swali la dhahabu ile linatuhusu: ni ya nani? Na aliyekabidhiwa kuiuza, ana haki ya kuitumia yote leo?

Nchi yetu inajua maana ya kutegemea kitu kimoja. Kwa miongo mingi kahawa ndiyo iliyoleta sehemu kubwa ya fedha za kigeni. Julai 1989 mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakiweka mgao wa mauzo ya kahawa yalivunjika na bei ikaporomoka. Mkulima wa Ngozi na Kayanza hakukosea lolote shambani, lakini yeye ndiye aliyelipa. Ndugu zetu wa Zanzibar waliyaona hayo hayo kwa karafuu: Indonesia, mteja wao mkubwa, ilipojitosheleza kwa mikarafuu yake katika miaka ya 1980, bei ilianguka.

Hata hivyo, mkahawa na mkarafuu huzaa tena msimu ujao. Dhahabu ikishatoka, haioti. Kwa hiyo fedha ya kahawa ni tunda, na fedha ya dhahabu ni bei ya shamba lenyewe. Anayeuza shamba ili anunue unga atakula vizuri mwaka huu, na majirani watamwona tajiri. Watoto wake ndio watakaouliza shamba liko wapi.

Tuanze na umiliki. Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea kwamba Abyad bin Hammal (R.A.) alimwomba Mtume (S.A.W.) ampe machimbo ya chumvi ya Ma'rib, kule Yemen, naye akampa. Mtu mmoja akamweleza Mtume kwamba alichokitoa ni kama maji yasiyokatika, na Mtume akakirejesha. Wanazuoni wametofautiana juu ya madini yanayohitaji kuchimbwa kwa taabu. Imam Abu Hanifa ameona humo khumsi, yaani moja ya tano. Katika madhehebu ya Imam Malik, kauli iliyo mashuhuri ni kwamba amri ya madini iko kwa kiongozi, hata yakiwa chini ya ardhi ya mtu. Lakini amri si umiliki. Kiongozi anayashika kwa niaba ya umma.

Anayashika vipi? Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar (R.A.) kwamba alijiweka mbele ya mali ya umma kama walii mbele ya mali ya yatima. Mfano huu unarudi kwenye Surat An-Nisaa, aya ya 6: walii tajiri ajizuie, maskini ale kwa kadiri ya ada, na siku ya kukabidhi mali wawepo mashahidi. Na yatima wa dhahabu yetu ni nani? Ni yule ambaye hajazaliwa. Hana kura wala wakili, na hawezi kupiga kelele.

Umar aliuona uso wake. Ardhi ya Sawad ya Iraq ilipofunguliwa, baadhi ya masahaba walitaka igawanywe kwa wapiganaji. Kadhi Abu Yusuf ameeleza katika Kitab al-Kharaj jinsi Umar alivyokataa, akatoa hoja kwa aya za Surat Al-Hashr zinazowataja Muhajirina, Ansari, kisha wale watakaokuja baada yao. Ardhi ikabaki mikononi mwa waliokuwa wakiilima, na kharaji yake ikaingia hazina mwaka baada ya mwaka.

Hapa kuna pingamizi lenye uzito, na si haki kulipita. Mtu atasema: unamwambia mama anayekosa dawa leo asubiri kwa ajili ya mtoto wa mwaka 2080? Magari yamelala kwenye foleni za mafuta kwa uhaba wa fedha za kigeni, nawe unahubiri akiba? Huyu si mlafi. Ana njaa, na njaa ina haki yake.

Jibu liko katika mfano ule ule. Walii hamnyimi yatima chakula ili sanduku lijae. Humlisha, humtibu na kumsomesha kwa mali yake mwenyewe. Na katika Muwatta imepokewa nasaha ya Umar kwamba mali ya yatima ifanyiwe biashara isije ikaliwa na zaka. Kwa hiyo mali ya yatima haifai kuteketezwa, na kuifukia tu hakutoshi. Dhahabu inayogeuka umeme, shule au zahanati haijapotea; imebadilika umbo, na mtoto wa kesho ataikuta. Inayogeuka posho na magari ya msafara imeliwa.

Wenzetu wamejaribu njia mbalimbali. Norway ilitunga sheria ya mfuko wa mafuta mwaka 1990, ikaweka fedha za kwanza 1996, na tangu 2001 ina kanuni ya kutumia takriban faida tu, mtaji ubaki. Uganda ilianzisha Mfuko wa Petroli kwa sheria ya 2015, lakini fedha zilichotwa humo kwa ajili ya bajeti kabla pipa la kwanza halijatoka ardhini. Sheria peke yake haitoshi. Wanahitajika mashahidi, kama aya ilivyosema. Hapa kwetu, mwaka 2021 serikali ilisimamisha uchimbaji wa Gakara ikisema taifa halipati fungu lake. Kudai fungu la haki ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua fungu hilo likipatikana linaingia daftari gani, na nani analisoma.

Ndugu zangu wanafunzi, baadhi yetu tutakuwa wahasibu, maafisa wa forodha, mahakimu. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya Ibn al-Lutbiyya, mkusanya zaka aliyerudi akigawa mafungu mawili: hili lenu, hili nimezawadiwa. Mtume (S.A.W.) aliuliza kwenye mimbari kama zawadi hiyo ingemfikia akikaa nyumbani kwa baba na mama yake. Kila mwenye kalamu ya ofisi ajiulize swali hilo kabla ya kutia saini, kwani siku ya kukabidhi mali itafika, na mashahidi watakuwapo.

Allah atujaalie kuwa waaminifu wa amana. Wallahu aalam.