Tuwafunze Watoto Wetu Kuitazama Mbingu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, katika Sura ya Yunus, aya ya 5, Mwenyezi Mungu atufahamisha kuwa ameukadiria mwezi vituo ili tupate kujua idadi ya miaka na hisabu. Watoto wetu waihifadhi aya hii chuoni, lakini ukimwuliza mmoja wao mwezi wa leo utaonekana upande gani, hajui. Wala sisi wazee wake tulio wengi hatujui. Ndipo kila Ramadhani tukagombana juu ya mwandamo, huyu amfuata fulani na yule amfuata fulani, na walioinua macho yao juu ni wachache. Dawa ya taqlidi hii ni kumfunza mtoto angali mdogo.

Kazi yenyewe haitaki mali. Mwalimu wa skuli au wa chuo na amwambie kila mtoto achore daftarini, kila siku, umbo la mwezi na mahali alipouona. Zikitimia siku 29 au 30, atajua mwenyewe kwamba hilali huonekana magharibi jua likisha kuchwa, na mwezi mpevu huchomoza mashariki jua likizama. Na kwamba kila siku mwezi huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Tena akishuka pwani ataona kuwa bamvua huja karibu na mwezi kuandama na kupevuka, na maji mafu huja baina yake.

Mchana na wasimamishe kijiti uani, wapime kivuli chake, wala wasilitazame jua lenyewe. Kivuli kikisha kuwa kifupi kabisa kisha kikaanza kurefuka, jua limepinduka na adhuhuri imeingia. Hapa Mombasa kivuli cha wakati huo mwezi wa Desemba chaelekea kibla, na mwezi wa Juni chaelekea suheli; na karibu na tarehe 10 Machi na 3 Oktoba hutoweka, maana jua li utosini. Wazee wetu waliiita kaskazini kibla kwa kuwa Makka iko huko, na kusini wakaiita suheli kwa jina la nyota ing'aayo upande huo. Lugha yetu yashuhudia kuwa walikuwa watu wa kutazama.

Baadhi ya wazazi wachelea kuwa huu ni unajimu. Sivyo. Mnajimu hudai kujua ghaibu. Mtoto huyu apima aliloliona. Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume wetu, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa mauti yake. Mtume (s.a.w.), naye yumo msibani, aliikataa itikadi hiyo, akawafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu.

Basi twawausia: jioni ya leo mshike mwanao mkono, mtoke nje, mtazame. Na kesho pia.

Wabillahi tawfiq.