Bei ya Mnadani na Jiwe la Kusagia

Kwetu Mwamkulu neno mnada lina sura zaidi ya moja. Upo mnada wa ng'ombe na mitumba. Upo mnada wa mavuno, pale kuku, debe la mpunga na mkungu wa ndizi vinapotolewa wakati wa matoleo, kisha vikauzwa nje ya kanisa baada ya Misa. Na upo mnada wa mali ya mtu aliyeshindwa kulipa deni. Ninaotaka kuutafakari ni huu wa mwisho, lakini nitaanzia mbali kidogo, Ulaya, kwa kuwa habari za minada ya huko ndizo zinazotufanya tutikise vichwa kwa mshangao, na nadhani mara nyingine tunatikisa vichwa mahali pasipostahili.

Huko hupigwa mnada pikipiki kongwe za mashindano zilizotengenezwa Italia. Mojawapo ya zile mashuhuri ni MV Agusta. Familia ya Agusta ilikuwa ikiunda ndege. Italia ilipozuiwa kuunda ndege baada ya Vita Kuu ya Pili, wakageukia pikipiki. Kuanzia 1958 hadi 1974, kila mwaka bila kukosa, bingwa wa dunia wa daraja la cc 500 alikuwa juu ya pikipiki yao. Mmoja wa mabingwa hao, Gary Hocking, alikulia hapa hapa Afrika, mjini Bulawayo. Alishinda 1961. Mwaka uliofuata rafiki yake Tom Phillis alikufa katika mbio za kisiwa cha Man, na Hocking akaachana na mashindano ya pikipiki kwa kuwa aliona hatari imezidi. Akahamia kwenye magari. Desemba 1962 akafa mazoezini huko Durban, akiwa na miaka 25.

Pikipiki ya namna hiyo ikifika mnadani, bei yake huweza kufika mamia ya mamilioni ya shilingi, na mnunuzi huenda asiiendeshe hata siku moja. Ndugu msomaji, najua unachosema moyoni: fedha hizo zingechimba visima vingapi? Swali ni zuri, ila limewahi kuulizwa na mtu ambaye hatupendi kufanana naye. Katika Injili ya Yohane, sura ya 12, Yuda ndiye aliyepiga hesabu ya marhamu ya Mariamu, dinari mia tatu, akawataja maskini. Yesu hakumlaumu Mariamu kwa ughali wa marhamu.

Tena mnada wa bei kubwa unaweza kuwa baraka. Mwaka 2013 kampuni ya Harley-Davidson ya Marekani ilimpa Baba Mtakatifu Fransisko pikipiki. Aliitia sahihi kwenye tangi, akaitoa iuzwe, na Februari 2014 ikanunuliwa mnadani Paris kwa euro 241,500, zaidi ya mara kumi ya ilivyokadiriwa. Fedha zikaenda Caritas ya Roma, kwa ajili ya hosteli na jiko la maskini kwenye stesheni ya Termini. Sisi tunaolipa elfu hamsini kwa jogoo wa mavuno, kisha tukasema auzwe tena, tunaielewa hesabu hiyo bila kufundishwa.

Kwa hiyo bei kubwa peke yake hainisumbui sana. Inayonisumbua ni bei ndogo.

Mnadani, bei ya mwisho haiwekwi na anayeshinda tu. Huwekwa pia na yule aliyeshindwa, kwa maana mshindi hulipa kiasi kidogo tu juu ya pale mwenzake alipoishia. Wakikosekana wawili wenye fedha wanaokitaka kitu kimoja, bei inalala. Sasa fikiria pikipiki ya kijana wa bodaboda, aliyekopa akaiweka rehani, akalipa sehemu kubwa, kisha mvua zikaharibu barabara au mtoto akaugua, na marejesho yakasimama. Tuseme deni lililobaki ni laki nne na pikipiki yenyewe bado ina thamani ya milioni moja na nusu. Inauzwa laki tano. Waliofika wanafahamiana, na hakuna anayetaka kumpandishia mwenzake. Anayeijua thamani ya chombo kile kuliko wote amesimama pembeni, hana cha kutaja.

Hapa kuna tofauti inayouma. Kwenye mnada wa Ulaya, historia ya aliyeendesha hupandisha bei: huandikwa ni nani aliishika, alishinda wapi, alianguka wapi. Huku kwetu, mkwaruzo ulioachwa na safari ya usiku ya kumkimbiza mama mjamzito hospitali ya Mpanda ni sababu ya kuomba punguzo.

Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza mtu kutwaa rehani jiwe la kusagia, na sababu inayotolewa ni kwamba kufanya hivyo ni kutwaa uhai wa mwenye jiwe. Sheria ile haikufuta madeni, na wala mimi siyafuti. Fedha za kikoba ni jasho la akina mama waliouza mpunga, na anayekopa ana wajibu wa kulipa. Lakini kudai deni ni jambo moja, na kuondoka na milioni moja ya mtu kwa kuwa amebanwa ni jambo jingine. Ile tofauti kati ya laki tano na milioni na nusu haikwenda kwa aliyekopesha. Imebaki kwa mnunuzi, ambaye Jumapili huenda akawa mbele kabisa kwenye mnada wa mavuno, akipigiwa vigelegele kwa jogoo.

Wengine watasema: nisiponunua mimi, atanunua mwingine. Ni kweli, atanunua. Hata hivyo, kauli hiyo inaeleza pikipiki itakwenda wapi. Haielezi mimi ni nani kwa jirani yangu niliyeshiriki naye Ekaristi. Mnunuzi Mkristo ana nafasi ya kutaja bei ya haki hata kama hakuna anayemsukuma, ili kinachozidi deni kirudi kwa mwenye chombo. Anaweza pia kuinunua na kumwachia kijana aendelee kuiendesha kwa makubaliano mapya.

Na kabla ya mnada ipo jumuiya. Ikiwa na kaya ishirini, ile laki nne ni shilingi elfu ishirini kwa kila kaya, yaani chini ya nusu ya tulicholipa kwa jogoo.