Gumbo ya Kuku na Swali la Kujinyima

Gumbo ya kuku na soseji ni mchuzi mzito wa Louisiana, kusini mwa Marekani, unaoliwa kwa wali. Kusini mwa jimbo hilo Wakatoliki ni wengi, na kalenda ya Kanisa imeingia mpaka jikoni. Jumanne ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu sufuria hujaa kuku na soseji. Zikifika Ijumaa za Kwaresima, sufuria ileile hutiwa kamba, kaa na chaza. Hapo ndipo linapozuka swali la zamani la dini: aliyeacha kuku akala kaa, amejinyima nini?

Uzito wa swali hili uko ndani ya chakula chenyewe, kwa kuwa gumbo haikuumbwa kuwa chakula cha toba. Msingi wake ni unga wa ngano na mafuta, mara nyingi kikombe kwa kikombe, vinavyokorogwa kwenye sufuria nzito bila mkono kupumzika. Unga huanza mweupe, ukawa wa rangi ya karanga zilizokaangwa, kisha ukakolea hadi kahawia ya chokoleti, na kwa moto wa taratibu huweza kuchukua dakika 40 au zaidi. Vikitokea vidoa vyeusi umeungua. Hauna dawa ila kumwagwa na kazi kuanza upya. Ukishaiva, hutiwa vitunguu maji, pilipili hoho na seleri zilizokatwa ndogondogo, na maji ya mboga hizo huuzuia unga usizidi kuungua. Wapishi wa Louisiana huziita mboga hizo tatu utatu mtakatifu, jina linaloonyesha jinsi imani ilivyozoeleka jikoni mwao. Hufuata soseji ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, vipande vya kuku na supu, kisha sufuria huachwa ichemke polepole kwa saa moja au mbili.

Katika miji midogo kama Mamou, ya Wakajuni, jamii ya Louisiana yenye asili ya Kifaransa, Jumanne hiyo ya mwisho watu waliovaa vinyago hupita nyumba kwa nyumba wakiongozwa na kapteni, wakiomba vitu vya kutia chunguni. Mwenye nyumba huweza kumrusha kuku hai, nao wakamkimbiza matopeni hadi wamkamate. Jioni gumbo huliwa kwa pamoja, na saa sita ya usiku Kwaresima imeingia.

Sheria yenyewe ni fupi. Kanuni za Kanisa za mwaka 1983 zinamtaka Mkatoliki aliyetimiza miaka 14 aache nyama katika siku zilizowekwa. Mwaka 1966 Papa Paulo VI alikuwa ameeleza kwamba katazo halihusu mayai, vitu vya maziwa wala viungo vya mafuta ya wanyama. Kwa maana hiyo, unga uliokaangwa kwa mafuta ya nguruwe hauvunji sheria, lakini kipande kimoja cha soseji kinaivunja. Mwaka 2010 Gregory Aymond, Askofu Mkuu wa New Orleans, alithibitisha kwamba hata aligeta, yule mtambaazi wa vinamasi vya Louisiana, huhesabiwa pamoja na samaki, si nyama.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alilikabili swali la kuacha nyama na kula samaki katika karne ya 13. Alikubali kwamba samaki huweza kuwa mtamu, ila akajibu kuwa mtunga sheria huangalia yanayotokea kwa kawaida, na kwa kawaida nyama hupendeza walaji zaidi. Jibu hilo lina nguvu. Sheria ya watu wote haiwezi kupima hamu ya kila mtu. Huchagua kitu kinachoonekana, ili tajiri na maskini wakiache siku moja.

Hata hivyo, kutii sheria na kujinyima si jambo moja. Nabii Isaya, katika sura ya 58, aliwakemea watu waliofunga huku wakiwakandamiza wafanyakazi wao, na kuwataka wamgawie mwenye njaa chakula. Kwa kipimo hicho, anayeagiza gumbo ya kaa na chaza ya bei kubwa siku ya Ijumaa ameshika sheria na kukosa shabaha yake. Wala bei peke yake haitoshi kuamua. Kwa familia ya wavuvi inayokula kaa kila siku, kuacha kuku ni kujinyima kweli. Kinachopimwa ni kile ambacho moyo wa mlaji unakikimbilia, na hicho anakijua yeye na Mungu wake.

Sheria haikuacha jambo hili wazi kabisa. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, walio na miaka 18 hadi 59 huruhusiwa mlo kamili mmoja tu, na milo mingine miwili midogo ambayo hata ikijumlishwa haifikii mlo kamili. Siku hizo mbili hata gumbo ya kaa ina mpaka, kwa sababu kinachodaiwa ni kuacha nyama na kupunguza chakula pia.